Karafuu Nne katika Wali wa Kukaanga



Tangu wizara za Serikali zilipohamia Mtumba, mashariki ya mji wa Dodoma, mwaka 2019, wako watoto wetu wa Unguja na Pemba wanaofanya kazi na kupika huko. Lalamiko lao ni moja: wali wanaoukaanga nyumbani haupati ladha, ama huwa kiini kigumu, ama hushikana kama uji. Twaona yafaa kueleza sababu zake, kwani sehemu kubwa ya dawa yatoka katika mashamba yetu wenyewe.

Kwanza ni maji. Dodoma iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,100. Huku kwetu pwani maji huchemka kwa digrii 100. Kule huchemka kwa kadiri ya digrii 96. Basi mchele hukawia kuiva, na maji hupungua kabla haujawa tayari. Anayepika Mtumba na aongeze maji kidogo, afunike sufuria vizuri, wala asiongeze moto kwa haraka. Moto mkali hauzidishi joto la maji yanayochemka, huyakausha tu.

Pili ni kupoza. Wali wa moto ukikaangwa hushikana. Utandazwe katika sinia upoe, na hewa kavu ya huko husaidia sana. Lakini usiachwe mezani usiku kucha. Mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa katika joto huzaa sumu ambayo hata kukaanga hakuiondoi. Ukishapoa ukaangwe siku ile ile, au utiwe ndani ya friji.

Tatu ni kiungo chenyewe. Kwa nusu kilo ya mchele twashauri hivi:

Karafuu 4.
Hiliki 2.
Pilipili manga punje 6.
Uzile kijiko kimoja cha chai (wenzetu wa bara huuita binzari nyembamba).

Vikaushwe kidogo juu ya kikaango, kisha vitwangwe. Kaanga kitunguu katika mafuta mpaka kigeuke rangi, punguza moto, tia kiungo, koroga kwa muda wa nusu dakika, halafu tia wali na chumvi. Anayependa aongeze zabibu kavu, kwani Dodoma ndiko kwenye zabibu.

Mtu atauliza: kwa nini kiungo kitiwe katika mafuta, kisinyunyizwe juu ya wali? Harufu ya karafuu yatokana na mafuta yake, ambayo sehemu kubwa ni yujenoli. Kitu hiki huyeyuka vyema katika mafuta, na katika maji huyeyuka kwa shida. Kikinyunyiziwa juu, mlaji mmoja hupata uchungu na mwenziwe hapati kitu. Wala karafuu zisizidi. Yujenoli ndiyo hiyo hiyo waitumiayo madaktari wa meno kwa kutia ganzi, na karafuu zikiwa nyingi ulimi hufa ganzi.

Sasa twafika kwenye jambo linalotuhusu sisi wakulima. Karafuu njema ina mafuta kadiri ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo hayafiki hata nusu ya hayo. Yakisagwa pamoja, jicho halitambui. Kwa hivyo waambieni watoto wanunue karafuu nzima, wala si unga, wazihifadhi katika chupa yenye kifuniko, na wazipime. Ibonyezwe kwa ukucha: njema hutoa mafuta. Itumbukizwe katika gilasi ya maji: njema huzama au husimama wima, kichwa juu, iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu ya maji.

Mnunuzi akishajua kupima hivi, hapana wa kumficha kitu. Basi tuchume karafuu kabla hazijafunguka, tuzipambue makonyo yote, na tuzianike siku ile ile zisije zikavunda, kabla ya kuzipeleka katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Mpishi wa Mtumba hamjui mwenye shamba. Anachokijua ni jina la Zanzibar, na jina hilo hulipima kwa karafuu nne tu.