Swichi ya DNA: molekuli inayojua kuonja uchachu

Kama umekulia Kasulu au Kibondo, hili unalijua bila kufundishwa darasani. Muhogo ukimenywa na kulowekwa, baada ya siku tatu au nne maji yanachachuka, muhogo unalainika, na harufu inakufikia kabla hujaliona pipa. Mama hahitaji kipimo. Ananusa, anabonyeza kidogo, anasema umeiva, uanikwe.

Kilichotokea ndani ya pipa ni kwamba bakteria wamekula sukari ya muhogo na kutoa tindikali. Tindikali ni kitu chochote kinachoachia protoni kwenye maji, yaani haidrojeni iliyopoteza elektroni yake. Wingi wa protoni hizo tunaupima kwa pH. Maji safi yana 7. Namba ikishuka, uchachu unapanda, na kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya muhogo yanaweza kushuka hadi karibu na 4. Hizo ni hatua tatu, kwa hiyo protoni zimeongezeka mara elfu moja.

Hebu fanya jaribio. Chemsha rozela bila sukari, gawa kwenye vikombe viwili. Cha kwanza kamulia ndimu: wekundu unakolea. Cha pili tia magadi kidogo: wekundu unatoweka, rangi inaelekea bluu au kijani. (Hicho cha pili usinywe!) Rangi ya rozela ni molekuli inayoshika protoni zikiwa nyingi na kuziachia zikiwa chache, na kila mara umbo lake linabadilika. Tayari hiyo ni swichi. Shida yake ni moja: huwezi kuiambia igeukie kwenye pH unayoitaka wewe.

Sasa kwa nini mtu ahangaike kutafuta swichi anayoweza kuipangia? Tuchukue mfano ulio karibu nasi, malaria. Kigoma ni kati ya mikoa ambayo tafiti za kitaifa zimekuwa zikionyesha maambukizi mengi. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye seli nyekundu ya damu, hula himoglobini na kuisagia kwenye kifuko kidogo chenye uchachu wa pH 5 hadi 5.5 hivi. Damu yenyewe ina 7.4.

Klorokwini, dawa chungu ambayo wazazi wetu wanaikumbuka vizuri, ilitumia tofauti hiyo. Nje ya kifuko dawa hupenya utando kwa urahisi. Ikiingia ndani inakuta protoni tele, inazishika, inapata chaji, na kutoka inakuwa kazi. Inarundikana humo na kukizuia kimelea kufunga mabaki ya himoglobini yenye chuma, ambayo ni sumu kwake. Kwa maneno mengine, klorokwini ilikuwa imetegwa kwa uchachu.

Baadaye vimelea vilipata mabadiliko kwenye protini moja ya utando wa kifuko hicho, ikawa mlango wa kuitoa dawa nje. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaja SP, na kuanzia mwishoni mwa 2006 dawa mseto. Ukitaka kuelewa kilichotokea pale, lazima ujue uchachu wa chumba kidogo kilicho ndani ya kimelea, kilicho ndani ya seli. Ncha ya kipimo cha kawaida cha maabara ni kubwa kuliko seli yenyewe. Utapima vipi?

Hapo ndipo DNA inapoingia. Wengi tunaijua kama kitabu cha urithi: herufi nne, A hushikana na T, C hushikana na G. Lakini iweke pembeni hadithi ya urithi, itazame kama kamba. Kamba hii ina tabia nzuri: tukiandika mfuatano wa herufi, kwa kiasi kikubwa tunajua itajikunja vipi.

Na herufi C ina siri. Kwenye uchachu hushika protoni ya ziada, na hapo inapata mshikamano mpya. Mwaka 1993 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba nyuzi zenye C nyingi zikiwa kwenye tindikali hujisuka pande nne, C yenye protoni ikishikana na C isiyo nayo. Umbo hilo linaitwa i-motifu. Ondoa tindikali, msuko unafumuka.

Mwaka 2009 kundi la Yamuna Krishnan, huko Bangalore, India, lilitumia tabia hiyo kutengeneza kitu kama koleo la DNA. Mikono miwili, bawaba katikati, na kwenye ncha vipande vyenye C nyingi. Uchachu ukipanda, ncha zinashikana na koleo linafunga, ukishuka, linafunguka. Rangi zinazong'aa zilizofungwa kwenye koleo huonyesha kama limefunga au liko wazi. Seli za nzi wa matunda zilimeza koleo hizo, na watafiti wakaona kwa darubini jinsi vifuko vya ndani vinavyozidi kuchachuka kadiri muda unavyokwenda. Zilikuwa seli za nzi, si kimelea cha malaria, lakini njia ilishafunguka.

Mwaka 2014 kundi la Francesco Ricci, Roma, na wenzao wa Montreal wakatatua lile tatizo la rozela. Walitumia DNA ya nyuzi tatu. Uzi wa tatu ukishika kwa kutumia C, unahitaji protoni, na huachia karibu na pH 6.5. Ukishika kwa kutumia T, hauhitaji, na hudumu hadi karibu na 10. Basi changanya: C zikizidi, swichi inaachia mapema, T zikizidi, inachelewa. Unachagua pH kwa kuandika herufi tu.

Tusitiane chumvi, lakini. Mwilini kuna vimeng'enya vinavyokata DNA ngeni, na wazo la kasha la DNA linalobeba dawa na kufunguka kwenye uvimbe wa saratani wenye uchachu bado liko zaidi maabara kuliko hospitalini. Wala usisubiri swichi hizi zipime shamba lako la maharage. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na hilo hugunduliwa kwa kipimo cha kawaida cha udongo, kisha hutibiwa kwa chokaa ya kilimo.

Swichi ya DNA ina kazi yake kule ambako hakuna kipimo kingine kinachoingia. Klorokwini ilitushinda kwa sababu ya mlango mdogo ndani ya chumba kidogo, na tuliujua baada ya vimelea sugu kusambaa. Dawa za leo nazo zinaweza kufunguliwa mlango wake. Safari hii tungependa kuuona mapema.