Detekta rahisi au ghali: mtafuta sarafu analipia nini hasa?

Maswali ya wasomaji wa Kolwezi na Fungurume yamerundikana, na mengi yanauliza jambo moja. Mtu anayetaka kutafuta sarafu za zamani, zile za shaba zenye tundu za enzi za Mfalme Leopold, za Kongo ya Mbelgiji au za Katanga ya 1961, anunue mashine ya dola 100 au ajikusuru mpaka afikishe dola 3,000? Nyuma ya swali hilo lipo lingine: je, mashine hiyo itaonyesha pia kobalti?

Nianze na kobalti, maana hapo ndipo watu wanapotapeliwa. Haitaionyesha. Heterojeniti, lile jiwe jeusi lililofanya watu wa mtaa wa Kasulo wachimbe ndani ya nyua na nyumba zao kuanzia 2014, ni oksidi. Malakiti ya kijani ni kabonati. Kolweziti, madini yaliyopewa jina la mji wetu, nayo ni kabonati. Shaba na kobalti zimo humo, lakini elektroni zake zimefungwa katika muungano wa kikemia na umeme hauwezi kuzunguka kwa uhuru. Detekta haitambui shaba kwa jina lake. Inatambua kitu ambacho umeme unaweza kuzunguka ndani yake. Kipande cha shaba tupu kitalia, gunia zima la malakiti litanyamaza. Anayewauzia wachimbaji wadogo detekta "ya kobalti" ni sawa na anayeuza vidonge vya chaki kwa mgonjwa wa malaria.

Sasa sarafu. Ndani ya kisahani cha detekta ya kawaida kuna koili 2. Ya kwanza hupitishiwa umeme unaokwenda na kurudi kati ya mara 5,000 na 20,000 kwa sekunde, nao huzaa uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikuta sarafu, huamsha ndani yake mikondo ya umeme inayozunguka kufuata ukingo. Mikondo hiyo huzaa uga wake mdogo, na koili ya pili huusikiliza. Ndiyo maana tundu la katikati haliifichi sarafu ya Leopold ya 1887: umeme unapita ukingoni. Lakini ukiikata sarafu hiyo kutoka ukingoni hadi kwenye tundu, njia ya duara inakatika na mwitikio unashuka sana, ingawa uzito wa shaba ni ule ule.

Kinachonivutia zaidi ni muda. Mikondo hiyo haizimiki papo hapo. Katika shaba safi hudumu, katika aloi hufifia upesi. Changanya robo ya nikeli kwenye shaba na uwezo wake wa kupitisha umeme unaanguka hadi karibu asilimia 5 ya ule wa shaba safi. Mashine hupima kuchelewa huko na kukupa namba kwenye kioo. Kwa hiyo namba hiyo haisemi "sarafu". Inasema ukubwa, unene na wepesi wa kupitisha umeme, vyote vikiwa vimechanganyika. Sarafu ndogo ya nikeli inaweza kupata namba ya kipande cha karatasi ya alumini. Ganda la risasi, ambalo ni aloi ya shaba na zinki, linaweza kupata namba ya sarafu nzuri. Hakuna bei inayofuta mfanano huo, kwa sababu umo ndani ya metali zenyewe.

Alexander Graham Bell alikutana na tatizo jingine mwaka 1881, alipoitwa kutafuta risasi katika mwili wa Rais James Garfield wa Marekani. Kifaa chake kilifanya kazi vizuri maabarani, lakini kitandani kwa mgonjwa kilivurugwa na springi za chuma za godoro. Chombo kilikuwa kizima. Mazingira yalijaa chuma.

Mazingira yetu ni magumu zaidi, na hapa ndipo pesa inapoanza kuleta tofauti. Udongo mwekundu wa Katanga umejaa oksidi za chuma, na baadhi yake huitikia sumaku. Mashine ya dola 100 mara nyingi imerekebishwa kiwandani kwa udongo mmoja tu. Ukiileta huku, hupiga kelele kila hatua, nawe unapunguza usikivu wake hadi isikie sarafu iliyo juu juu tu. Mashine ya dola 300 hadi 600 hukuruhusu kuizoesha ardhi unayosimama juu yake, na nyingi zake hutuma masafa kadhaa kwa pamoja: ya chini hufaa shaba na fedha nene, ya juu hufaa vipande vidogo vya aloi. Uwezo huo ulikuwa wa mashine ghali tu, lakini tangu 2019 kampuni ya Minelab imeuweka hata katika mashine yake ya Vanquish, ambayo ni ya bei nafuu.

Mashine za maelfu ya dola kwa kawaida ni za dhahabu. Nyingi hutuma mapigo makali ya sumaku, husubiri kidogo, kisha husikiliza. Hushinda udongo mwekundu kwa namna ya ajabu, lakini nyingi hazitenganishi vizuri msumari na sarafu. Katika Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 na kampuni ya madini ya Union Minière, wenye kambi za wafanyakazi zilizojaa misumari na waya, utachimba chuma kutwa nzima. Kwa sarafu, ghali zaidi si bora zaidi.

Na kina je? Uga wa sumaku hudhoofika unaposhuka, na mwitikio wa sarafu hudhoofika tena unapopanda. Kina kikishapita upana wa koili, kila kinapoongezeka mara 2, mwitikio hupungua karibu mara 64. Basi hata kiwanda kikiongeza nguvu maradufu, unapata sentimita chache tu. Sarafu ya kawaida huonekana kwenye sentimita 15 kwa mashine rahisi, na 20 hadi 30 kwa mashine nzuri iliyo mikononi mwa anayeijua.

Kwa hiyo msiniulize tena kuhusu fito zenye antena "zinazoona mita 10" au kuvuta dhahabu ya Wabelgiji kutoka mlima wa pili. Mwingereza James McCormick aliuza kifaa cha namna hiyo, ADE 651, kwa serikali ya Iraki kama kitambua mabomu. Kilitokana na kifaa rahisi cha kutafutia mipira ya gofu, na ndani hakikuwa na chochote kinachofanya kazi. Watu walikufa kwa kukiamini kwenye vizuizi vya barabarani, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2013. Antena huzunguka kwa sababu mkono wa anayeishika husukuma bila yeye kujua, jambo lililoelezwa na William Carpenter tangu 1852. Jihadharini pia na nakala bandia: Codan, kampuni mama ya Minelab, imelalamika hadharani kuhusu detekta za kughushi zinazouzwa Afrika.

Ushauri, kwa haraka. Nunua ya bei ya kati, yenye urekebishaji wa ardhi. Anayetumia kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo amuulize daktari wake kwanza. Usichimbe vilikopiganwa vita vya Kolwezi vya Mei 1978: penye maganda ya risasi huenda pana kitu ambacho hakijalipuka bado. Ukiona umbo la bomu, usiliguse, weka alama kwa mbali, ita polisi. Usibebe udongo nyumbani, nawa kabla ya kula: utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven uliochapishwa 2018 ulikuta kobalti na urani nyingi zaidi kwenye mkojo wa wakazi wa Kasulo, hasa watoto. Na ukikuta msalaba wa kale wa shaba, uache ulipo uwaite wataalamu. Makaburi ya kale ya Sanga, yaliyochimbwa kwa utaratibu kuanzia 1957, yalitufundisha kuwa misalaba midogo ilitumika kama fedha, nasi tumelijua hilo kwa sababu wanaakiolojia waliandika kila msalaba ulilala wapi. Sheria ya 1971 inalinda mali hizo.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili. Jaza ndoo 10 udongo wa hapa hapa, mwenzio afukie sarafu katika moja wakati wewe na muuzaji hamwoni, kisha naye aondoke. Muuzaji ataje ndoo. Rudieni mara kadhaa, kila mara sarafu ikihamishwa. Mashine halisi itapata karibu kila mara, fito zitapata kwa bahati. Muuzaji akikataa, au akisema nguvu za mashine hazipendi kujaribiwa, weka falanga zako mfukoni uende zako.