Je, Wajua? Picha Huanza Kabla ya Brashi

Wewe msomaji wa Mumias, sogea hapa. Leo tunazungumzia picha za kuchora, na nakuonya mapema: utashangaa!

Je, wajua kwamba rangi ya mafuta inapokauka huongezeka uzito? Nguo kambani hupoteza maji, lakini mafuta ya kitani hunyonya oksijeni hadi yagande. Ajabu, sivyo?

Je, wajua kwamba mafuta hayohayo huozesha kitambaa? Ndiyo maana kanvasi ikishawambwa kwenye fremu hupakwa kwanza gundi na chaki. Msanii hajachora hata mstari, na kazi imeshaanza!

Je, wajua kuna picha inayongoja miezi 6 hadi 12 ndipo ipakwe vanishi? Juu imekauka, ndani bado mbichi. Ungeweza kusubiri wewe?

Je, wajua kwamba zamani rangi iliuzwa ndani ya kibofu cha nguruwe? Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, akaleta tyubu ya bati. Hebu itazame tena tyubu yako ya dawa ya meno!

Je, wajua kwamba kuna rangi nyeusi inayotokana na mifupa iliyochomwa? Ndiyo, mifupa!

Na nyeupe je? Kuanzia 2014 hadi 2024, mchanga wa Kwale ulisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya titani, madini yanayotengeneza rangi nyeupe kuliko zote dukani.

Je, wajua kwamba Edward Tingatinga hakuhitaji kanvasi? Mwaka 1968, Dar es Salaam, alichora kwenye mbao nyembamba kwa rangi ya baiskeli. Alifariki 1972, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima!

Je, wajua kwamba Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora juu ya lubugo, gome la mti kutoka Uganda? Gome likibanduliwa, mti huota jingine. Mwaka 2019 picha yake moja iliuzwa New York kwa dola milioni 1.5!

La mwisho, shika kiti. Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962 ilitengenezwa na Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, aliyewafundisha wasanii pale Makerere. Ukifika Kampala, pita uisalimie: ni kazi ya mtu wa kwenu!