Ng'ombe wa Kondoa Walishtakiwa kwa Kosa la Nani?

Ndugu wakisikia kwamba mtoto wa fulani huku ughaibuni anasoma historia ya sayansi, teknolojia na mazingira, swali huwa moja: atakuja kufanya kazi gani? La kazi tuliache. Nataka kueleza masomo yenyewe yanahusu nini, na mfano wangu unatoka Kondoa, kaskazini mwa jiji la Dodoma.

Milima ya Irangi imechanwachanwa na makorongo. Serikali ya kikoloni iliyaona ikawatwisha lawama Warangi: mnafuga kupita kiasi, mnalima vibaya. Uhuru ulipokuja, hukumu ikabaki ile ile. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Uswidi. Yakachimbwa matuta ya kukinga maji, ikapandwa miti. Mwaka 1979 ikatoka amri kali: mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaondoka.

Nyasi na miti vikarudi. Kwa bwana misitu hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini mwanahistoria ndiyo kwanza anakaa kitako. Makorongo haya yalianza lini? Barua za maofisa wa kikoloni hazifiki nyuma ya miaka mia na kitu, kwa hiyo inabidi aende maabara. Chembe za mchanga zikifukiwa hujilimbikizia nishati kutokana na mionzi ya asili iliyomo ardhini. Zikimulikwa maabara hutoa nuru hafifu, na nuru hiyo ikipimwa hujulikana ziliona jua mara ya mwisho lini. Watafiti waliopima udongo uliosombwa kutoka milima ya Irangi walichapisha matokeo yao mwaka 2000: sehemu yake ilishuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakati hali ya hewa ilipokuwa ikibadilika. Enzi hizo Kondoa haikuwa na ng'ombe hata mmoja.

Hilo haliwasafishi wafugaji na wakulima moja kwa moja. Upimaji ule ule ulionyesha kuwa mmomonyoko ulishika kasi tena katika miaka kama 900 iliyopita, watu walipokuwa wakifyeka misitu kwa ajili ya mashamba na kuyeyusha chuma. Tena kuna suala la mbung'o. Nyika ya chini ilipojaa mbung'o, watu na mifugo walibanana milimani, na kubanana huko nako kuna historia yake. Helge Kjekshus, Mnorwei aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1977 kwamba kabla ya ukoloni watu wa nchi yetu waliidhibiti nyika kwa kulima, kuchoma na kuchunga. Sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe miaka ya 1890, vita na njaa ndivyo vilivyovunja udhibiti huo, vichaka na mbung'o vikatamalaki. Wapinzani wake walisema ameipamba mno zamani, na nadhani walikuwa na haki. Hata hivyo, hoja yake juu ya sotoka ni vigumu kuipuuza. Ugogo nako, njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 haikuletwa na ukame peke yake: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamekomba nafaka, mifugo na vijana.

Upande wa teknolojia, wengi hukimbilia Kongwa na mashamba ya karanga ya Waingereza. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu watatu ulizunguka kwa wiki tisa tu, kisha ukapendekeza kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, mibuyu ikavunja mashine, na kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mradi ulifutwa na hasara ya pauni milioni 36. Tunapenda kucheka kisa hicho, ila mimi Kondoa inanivuta zaidi, maana kule mradi ulifanikiwa machoni pa waliouanzisha, na mafanikio hayachunguzwi sana.

Kwa kijana anayetafuta mada ya utafiti, pengo liko hapo. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1979 sasa amevuka sitini, na anaweza kueleza ng'ombe wa baba yake walipelekwa wapi, nani aliwapokea, na maziwa ya watoto yalitoka wapi mwaka uliofuata.