Kidoti cha Buluu na Udongo wa Mbuga

Gari tulilopanda Bariadi asubuhi ile lilianza safari kwa kutusemesha Kijapani. Dereva alipowasha tu, sauti ya mwanamke, laini na ya heshima, ikatoa sentensi moja ndefu kisha ikanyamaza. "Ananisalimia kila siku huyu," dereva akasema, akicheka. Nilisita kumharibia furaha yake, lakini nikamwambia. Dada yule hasalimii mtu. Anamkumbusha mwenye gari kwamba hajachomeka kadi ya ETC, ile inayotumika kulipia barabara kuu za Japani. Amelalamika hivyo tangu gari lishuke bandarini, na ataendelea kulalamika hadi fundi amkate waya.

Tulikuwa tunakwenda Migato, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, na mbele ya viti vyetu viwili kulikuwa na vifaa vitatu vya kutuambia tulipo: kioo cha redio ya gari, simu yangu iliyobanwa juu ya dashibodi, na GPS ya mkononi ya Garmin, ambayo sisi wapima hatutoki ofisini bila kuibeba. Ninaloulizwa kila mara, kwenye mabasi hata misibani, ni kipi kati ya hivyo cha kuaminiwa. Wengi hutegemea nitataja kile cha bei kubwa.

Ya gari haina maneno mengi. Magari mengi yanayotembea Simiyu ni mitumba ya Japani, na Wajapani ndio mababu wa teknolojia hii. Honda waliuza kifaa cha kuongoza gari mwaka 1981, GPS ikiwa bado changa. Kilihesabu mizunguko ya magurudumu na kutambua gari limekata kona kwa jairoskopu. Mwaka 1990 Mazda wakaweka GPS ndani ya Eunos Cosmo. Nchi yao iliwalazimisha: imejaa milima, na barabara zinapita ndani ya milima hiyo. Gari likiingia chini ya mlima halioni setilaiti, basi magurudumu huendelea kuhesabu mpaka litokee upande wa pili. Ni kazi safi kabisa, na kati ya Bariadi na Migato haina pa kufanyikia. Halafu ramani iliyomo, iwe kwenye diski au kadi, inaishia ufukweni mwa Japani. Hata FM ya redio hizo imetengenezwa kuanzia 76 hadi 90, ndiyo maana stesheni nyingi zetu huzipati mpaka ufungiwe kigeuzi. Kioo kile kinabaki na kazi moja ya maana, kamera ya kurudi nyuma.

Wenye pesa kidogo huenda kwa fundi wakafungiwa redio ya Android. Hiyo ni simu pana iliyolala dashibodini, na sifa zake ni za simu. Ukiifunga, simamia kitu kimoja: kile kidude cheusi cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, chenye waya mrefu na sumaku chini. Hiyo ndiyo antena ya GPS. Nimeona mafundi wakikisukuma nyuma ya redio, katikati ya vyuma na nyaya, kisha mteja anarudi wiki ya pili kulalamika kwamba GPS haishiki. Kiwekwe juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, uso ukitazama mbinguni.

Kuna GPS nyingine inayosafiri na watu wengi zaidi bila wao kujua. Ni ya mabasi, katika mfumo wa kufuatilia mwendo wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Hiyo haimwongozi dereva popote. Inamchongea akizidisha kilomita 80 kwa saa.

Sasa simu. Kwanza niondoe jambo linalowagharimu watu bure: GPS haili bando. Setilaiti za Marekani, 30 na ushee, zinazunguka kilomita 20,200 juu yetu zikitangaza saa na mahali zilipo, kama kituo cha redio kinavyotangaza. Simu yako inasikiliza tu, haitumi kitu. Ikizisikia nne au zaidi, inapima mawimbi ya kila moja yamechelewa kiasi gani kufika, inapiga hesabu, kidoti cha buluu kinatokea. Simu za siku hizi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kinachokula bando ni picha ya ramani iliyo chini ya kidoti, na ukiipakua ukiwa Bariadi mjini, huku ndani huhitaji mtandao hata kidogo.

Mtandao una msaada mmoja wa kweli: huipa simu ratiba ya setilaiti kwa kufumba na kufumbua. Pasipo mtandao, simu inalazimika kuisoma ratiba hiyo kutoka angani kwa biti 50 kwa sekunde, mwendo wa mtoto wa darasa la kwanza anayeunganisha silabi. Taarifa za setilaiti moja huhitaji nusu dakika hivi. Ratiba nzima ya setilaiti zote, dakika 12 na nusu. Ndiyo maana simu iliyozimwa siku nyingi huonekana imekufa ukiiwasha porini. Mwenye haraka huiweka mfukoni akasema huku GPS haifiki. Toka chini ya bati, simama mahali peupe, subiri.

Na usahihi? Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyachafua mawimbi ya raia kwa makusudi, kosa likafika mita 100. Rais Clinton akaamuru mchezo huo ukome. Leo Wamarekani wenyewe hukadiria kwamba simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kama mita 5, na anga wazi ndiyo mali ya Simiyu. Kariakoo mawimbi hugonga maghorofa yakarudi yamechelewa, simu ikadhani uko mtaa wa pili. Kwenye mashamba ya pamba hakuna cha kugonga. Njia nzima siku ile simu na Garmin vilipishana mita tatu, nne. Barabara yenyewe ina upana huo.

Kwa hiyo tulipokwama, hakuna kifaa kilichokuwa kimekosea mahali tulipo.

Ilikuwa hivi. Tulipoiacha barabara kubwa, programu ya simu ilitupa njia mbili. Moja ilizunguka. Nyingine ilikata katikati na kuokoa dakika 20, kwa hesabu zake. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tukaifuata inayokata. Mwanzoni ilikuwa mchanga, gari likikimbia bila shida. Kisha tukaanza kuteremka taratibu, mteremko ambao huuoni kwa macho, udongo ukageuka kijivu, halafu mweusi. Matairi yakavaa viatu. Dereva akakata usukani kushoto, gari likaenda kulia, likakaa. Kwenye simu kidoti kilikuwa katikati ya mstari, sawasawa kabisa, na sauti ikatuhimiza tuendelee mbele kilomita 3.

Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe akasogea. "Mwangaluka," akasema, kisha akatutazama miguu. "Wanangu, nani kawaambia mpite mbugani na mvua hii?" Dereva akainua simu. Mzee akaishika, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha. "Huyu hajawahi kulima huku."

Kwa wasomaji wa kwingine: Msukuma akisema mbuga hazungumzii mahali pa wanyama. Mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni, wenye mfinyanzi unaopasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi na kuwa ulimbo mvua ikinyesha. Juu ya kilima kuna luseni, mchanga mwepesi ambao maji hayakai. Chini yake itogolo, ardhi ngumu. Mwisho mbuga. Wakulima walikuwa na majina hayo kabla mtaalamu yeyote hajafika. Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo wa kituo cha Amani huko Tanga, ndiye aliyeueleza ulimwengu wa kitaalamu mpangilio huu wa udongo kufuata mteremko, akaupa jina "catena" mwaka 1935, na vitabu vya udongo duniani kote vinalitumia hadi leo.

Programu ya simu haijui luseni wala mbuga. Inachojua ni urefu wa kila kipande cha njia na mwendo unaodhaniwa unafaa pale. Mjini inajisahihisha kwa kukusanya mwendo wa simu za watu wengi walioko barabarani. Njia ya kijijini inayopitwa na baiskeli, mikokoteni na bodaboda mbili kwa siku haina umati wa kuifundisha. Aliyeuchora mstari ule aliuona kwenye picha ya setilaiti, yumkini iliyopigwa kiangazi, mweupe na ulionyooka. Hakudanganya. Agosti unapita hapo na gari dogo.

Majina nayo ni mtihani. Usukumani sehemu nyingi huanza na Mwa: Mwamapalala, Mwamtani, Mwaswale, Mwalushu, na hizo ni kata za Itilima peke yake. Ukiandika herufi nne za mwanzo ukabofya bila kusoma, umekwisha. Luguru pia ni kata ya Itilima. Iandike hivyo tu, bila wilaya, usishangae simu ikikupangia safari ya Morogoro. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 imesaidia mijini, na programu yake ya NaPA inafaa. Lakini kwenye kaya zilizotawanyika, kaya moja hapa na nyingine ng'ambo ya shamba, bado njia ya uhakika ni kumwambia mwenyeji akutumie lokesheni akiwa amesimama mlangoni kwake, si akiwa mnadani.

Na ile GPS ya mkononi? Naipenda, lakini simshauri msafiri wa kawaida kuinunua. Skrini yake ni ndogo, na ramani inayokuja nayo kwa sehemu zetu ni karibu tupu. Wanaoendesha watalii huweka ndani yake ramani za Tracks4Africa, na hao nawaelewa. Nguvu yake iko kwingine. Inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo kila duka la kijiji linazo. Inaanguka ikaokotwa. Joto haiogopi, wakati Apple wenyewe wanataka iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Bana simu juu ya dashibodi saa saba mchana uone inavyofifisha mwanga, ikakataa chaji, kisha ikazima ukiwa njia panda. (Ibane kwenye tundu la hewa ya gari. Ni dawa rahisi kuliko zote nilizotaja leo.) Kwa kutembea mpaka wa kijiji kutwa nzima, au kwa askari wa wanyamapori anayelala Pori la Akiba Maswa, Garmin haina mpinzani.

Ila ina mtego ambao umewapotosha hata wasomi. Ramani zetu za zamani za serikali, zile za skeli ya 1:50,000, zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Simu na setilaiti zinatumia WGS 84. Namba zinafanana sura, ukanda ni uleule wa 36 Kusini, lakini ukichukua namba za kisima kwenye karatasi ukaziingiza kwenye kifaa bila kubadilisha mpangilio, utafika mita 300 hivi kutoka kwenye kisima. Garmin inakuruhusu kuchagua Arc 1960 kwenye mipangilio. Programu nyingi za simu hazina habari na jambo hilo. Nimewahi kuona watu wazima wakibishana shambani mchana kutwa, kila mmoja na kifaa chake, wote wakiwa sahihi.

Chaguo langu kwa anayekwenda vijijini Simiyu, basi, ni simu yenye ramani mbili zilizopakuliwa kabla ya kuondoka: Google Maps kwa barabara kubwa na miji, na Organic Maps au OsmAnd kwa huku ndani. Hizo mbili za mwisho zinatumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha. Jirani zetu wa mkoa wa Mara wanajua thamani yake. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umewakusanya watu wa kujitolea, wengine wakichora nyumba na njia kutoka kwenye picha za setilaiti, wengine vijijini wakiongeza majina kwa simu zao, na nyumba salama ya Mugumu ikazitumia ramani hizo kuwafikia wasichana waliokuwa wakikimbia kukeketwa. Kijiji kisichokuwa kwenye ramani hakifikiki usiku.

Vijana wanne walitutoa mbugani kwa majembe na matawi ya miti, saa moja na nusu. Mzee alitembea mbele ya gari kutuonyesha njia ya luseni, akipita kingo za mashamba. Garmin ilikuwa inarekodi kila hatua. Tulipofika barabarani nilikaa chini ya mti, nikaufuta mstari wetu wa asubuhi na kuuandika upya kuwa njia ya kiangazi tu, kisha nikachora ya mzee. Nikamwonyesha. Aliifuata kwa kidole polepole, akafika kwenye kona, akasimama.

"Hapa kuna mkwaju," akasema. "Mbona hujauandika?"

Nikauandika.