Faili Liko kwa Nani?

Mteja mmoja alinunua mabati na misumari kwenye tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi ambalo mtambo wake nilikuwa nautunza mimi. Simu ikamwomba namba ya siri, akaiweka, pesa ikakatwa, ujumbe wa M-Pesa ukaingia. Tovuti ikabaki inamwambia "Tunasubiri malipo yako". Akangoja dakika tano, akabonyeza tena, ikakatwa mara ya pili. Alipopiga simu alikuwa mtulivu kuliko ambavyo ningekuwa mimi: "Kijana, hela nimetuma mara mbili na bado mnaniuliza nitalipa lini?"

Nilianza kwa kulaumu mtandao, kama tunavyofanya sote. Kisha nikafungua kumbukumbu za seva. Taarifa za malipo zilikuwa zimefika, zote mbili, sekunde chache tu baada ya namba ya siri. Programu yetu ilizipokea, ikajibu kwa adabu kwamba imezipata, halafu ikazitupa. Haikuona oda yoyote ya kuilipia. Oda ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kikao cha mteja, na aliyeleta taarifa hakuwa mteja.

Kikao ni nini? Ukienda hospitali kubwa ya serikali, dirisha la kwanza unapewa kadi yenye namba. Huko mbele, maabara, eksirei, dirisha la dawa, hakuna anayekujua kwa sura. Unatoa kadi, wanasoma namba, wanaagiza faili lako masjala. Seva ya wavuti ni mhudumu wa namna hiyo, tena msahaulifu kupita kiasi: ukimaliza kuhudumiwa ukurasa mmoja na kurudi kwa wa pili, hakukumbuki kabisa. HTTP, lugha ya mazungumzo kati ya kivinjari na seva, iliundwa hivyo makusudi. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape akabuni kuki, kijikaratasi ambacho seva hukipa kivinjari ili kikirudishe kila kinaporudi. Kuki ndiyo kadi. Faili la masjala ndilo kikao, au sesheni kama tunavyosema kazini.

Kwa PHP, lugha iliyotumika kuandika programu ya lile duka, kadi hiyo kwa kawaida huitwa PHPSESSID, na faili ni faili kweli: limo kwenye folda ya seva, jina lake linaanza na sess_ kisha mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ndani yake mna chochote alichoamua mwandishi wa programu: jina la mteja, kikapu, jumla ya bei. Likikaa bila kuguswa kwa sekunde 1,440, yaani dakika 24, linahesabiwa takataka na linaweza kufagiliwa, isipokuwa mtu awe amebadilisha mpangilio. Kwa ASP.NET ya Microsoft muda wa kawaida ni dakika 20.

Sasa, kila aliyewahi kufuatilia hati ya shamba anajua jibu baya kuliko yote la masjala: "Faili limetoka." Afisa fulani amelichukua, na mpaka alirudishe, wengine wote watakaa kwenye benchi. PHP inafanya hivyohivyo. Ukurasa ukiita session_start, amri ya kuagiza faili, faili la kikao linatiwa kufuli, na kufuli hilo halifunguliwi mpaka ukurasa umalize kazi yake yote, hata kama faili ulilihitaji kwa kufumba na kufumbua tu. Ukurasa mwingine wa mteja yuleyule ukija, unangoja mlangoni. ASP.NET ya zamani nayo ina kufuli lake, na ukurasa unaongoja huchungulia kila nusu sekunde kuona kama limefunguliwa.

Kufuli hilo halikuwekwa kwa ukorofi. Chukua mteja anayebonyeza "ongeza misumari" na "ongeza mabati" kwa haraka. Maombi mawili yanaingia pamoja, yote yanasoma kikapu kitupu. La kwanza linaandika misumari. La pili, ambalo bado linaamini kikapu ni kitupu, linaandika mabati juu yake. Misumari imepotea na hakuna kosa lolote lililoripotiwa popote. Kwa tovuti za zamani, ambapo mtu alifungua ukurasa mmoja, akausubiri, kisha akafungua mwingine, kufuli lilikuwa halionekani.

Mambo yaligeuka kurasa zilipojifunza kuomba vitu chinichini. Chombo chenyewe kilikuwamo ndani ya Internet Explorer 5 tangu 1999, kikitumiwa na barua pepe ya Outlook ya mtandaoni; mwaka 2005 Jesse James Garrett akaipa mbinu hiyo jina la Ajax, ikaenea kama moto wa nyika. Ukurasa ukaanza kutuma miito isiyosubiri: badala ya kuganda mpaka jibu lije, unatuma ombi, unaendelea na shughuli, jibu likifika unalishughulikia. Kikapu upande huu, bei ya saruji upande ule, idadi ya ujumbe juu, kila kimoja na mwito wake. Juu ya msimbo mkongwe ambao kila ukurasa wake unaanza kwa session_start, miito sita inayoondoka kwa pamoja inafika sevani na kupanga foleni mlango mmoja. Wa mwisho unangoja watano wa mbele yake. Mwenye duka ananunua seva kubwa zaidi. Hakuna kinachobadilika, kwa sababu seva ilikuwa imekaa bure muda wote, ikingoja faili.

Ukitaka kujua kama unaumwa ugonjwa huu, kipimo hakigharimu kitu. Fungua ripoti nzito, ile ya mauzo ya mwaka mzima, kisha kwenye kichupo cha pili cha kivinjari hichohicho ufungue ukurasa mwepesi. Utaganda. Sasa chukua simu yako, ingia kama mtu mwingine, fungua ukurasa uleule mwepesi: unafunguka papo hapo. Kama seva ingekuwa imelemewa, nyote wawili mngeteseka.

Dawa yake ni neno moja, session_write_close, linalorudisha faili masjala mapema. Soma unachohitaji, andika unachotaka kuandika, rudisha, kisha ndipo uanze ile ripoti ya sekunde 40. Lakini hapa msimbo mkongwe unaonyesha meno. Ukisharudisha faili, chochote utakachoandika kwenye kikao baada ya hapo hakihifadhiwi, na PHP haikuambii lolote. Je, una hakika kwamba hakuna mahali pengine chini huko, ndani ya kitendaji kilichoitwa na kitendaji kingine, panapoandika kwenye kikao? Mimi sikuwa na hakika. Nilitafuta neno $_SESSION katika programu ya lile duka nikalikuta mamia ya mara, pamoja na ndani ya faili linalochora sehemu ya chini ya ukurasa.

Michael Feathers, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu kazi ya namna hii, anasema msimbo wa kurithi ni ule usio na majaribio ya kuupima. Umri si hoja kwake. Msimbo ulioandikwa juzi bila majaribio tayari ni wa kurithi. Ninakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ingawa ningeongeza kwamba ni msimbo ambao mwandishi wake hapokei tena simu.

Turudi kwa mteja wa mabati. Programu ya duka iliandikwa kwanza bila malipo ya simu. Watu walilipa dukani. Baadaye mtu akapandikiza M-Pesa kupitia Daraja, lango ambalo Safaricom ililifungulia waandishi wa programu mwaka 2017. Malipo ya namna hii hayana budi kuwa mwito usiosubiri, maana katikati yake yupo binadamu anayetafuta simu, anayevaa miwani, anayekumbuka namba ya siri. Duka linatuma ombi la STK push, lile linaloifanya simu ya mteja imwombe namba ya siri. Jibu linarudi upesi likiwa na ResponseCode 0 na kitambulisho kinachoitwa CheckoutRequestID. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Nimewaona vijana hodari wakiisoma kama "amelipa" na kutoa bidhaa, na wateja wenye akili hawachelewi kugundua.

Matokeo yenyewe huja baadaye, kwa safari nyingine kabisa: kompyuta za Safaricom zinabisha hodi kwenye anwani uliyowapa na kukuachia taarifa yenye ResultCode. Sifuri hapa ndiyo malipo. 1032 ni mteja aliyeghairi. Anayebisha hodi ni mashine, haina kadi ya mteja wako na haijawahi kuwa nayo. Faili la kupokea taarifa katika lile duka lilianza, kama mafaili yote, kwa session_start. PHP ikaona mgeni asiye na kadi, ikamfungulia faili jipya tupu. Mstari uliofuata ukauliza $_SESSION['oda'] ni ipi. Hapakuwa na oda. Programu ikamaliza kazi kimyakimya. Kwenye folda ya vikao nilikuta mafaili ya baiti sifuri yamejipanga, kila moja likiwa ni taarifa ya malipo ambayo hakuna aliyeisoma.

Na usitegemee kwamba taarifa ya STK itakurudishia namba ya oda uliyoandika wewe wakati wa kuomba. Hairudi. Malipo yakifaulu utapata namba ya risiti, kiasi, tarehe na simu, pamoja na kile kitambulisho cha CheckoutRequestID. Hicho ndicho uzi unaounganisha ombi na jibu, na sisi tulikuwa tumekifungia ndani ya kikao cha mteja, mahali ambapo ni mteja tu angeweza kukifikia.

Marekebisho hayakuhitaji ustadi mkubwa. Tuliunda jedwali la malipo kwenye hifadhidata. Ombi likitumwa, mstari unaandikwa humo: oda, kiasi, CheckoutRequestID, hali "inasubiri". Taarifa ikija, tunatafuta mstari kwa kitambulisho, tunalinganisha kiasi, tunabadili hali kuwa "imelipwa" kwa sharti kwamba bado ilikuwa "inasubiri", ili taarifa ileile ikija mara mbili isitoe mabati mara mbili. Halafu tunajibu haraka. Kuandaa risiti na kutuma ujumbe kunaachiwa programu nyingine inayofanya kazi kwa foleni yake. Kivinjari cha mteja kinauliza hali kila baada ya sekunde tatu kupitia ukurasa mdogo usiogusa kikao, unaotambua oda kwa namba ndefu isiyobahatishika. Kwa kuwa anwani ya kupokelea taarifa iko wazi kwa dunia nzima, na mjanja akiijua anaweza kuleta taarifa ya uongo, kabla ya kutoa mzigo tunaiuliza Daraja yenyewe hali ya malipo hayo. Swali hilohilo tunaliuliza kwa oda zilizokwama zaidi ya dakika mbili bila taarifa yoyote.

Kitufe cha kulipa nacho kilibadilika: oda ikiwa na malipo yanayosubiri, hakitumi ombi jipya. Hilo peke yake lingemwokoa yule mteja asikatwe mara ya pili.

Mwenye duka alitaka tuandike kila kitu upya. Nilikataa. Martin Fowler, mwandishi wa masuala ya programu, aliwahi kueleza njia nyingine, ya kubadilisha kipande kwa kipande, mwaka 2004 baada ya kuona kwenye misitu ya Queensland, Australia, mitini inayoota juu ya mti mwingine, ikashusha mizizi kuuzunguka, mpaka mti wa ndani unakufa na mtini unasimama peke yake. Wakenya hatuhitaji kwenda Australia; mugumo hufanya hivyohivyo. Tulianza na malipo, tukafuata ripoti, tukafuata kikapu, kila kimoja kikitolewa kwenye kikao na kuwekwa kwenye hifadhidata huku duka likiendelea kuuza. Imechukua miezi minane na haijaisha.

Kikao sasa kina kitu kimoja tu, utambulisho wa aliyeingia. Na mstari mmoja zaidi, kwenye lile faili la sehemu ya chini ya ukurasa, unaoandika tarehe ambayo hakuna anayeisoma. Juu yake mwandishi wa kwanza ameacha maneno: "usitoe, duka halitafunguka". Nimeutoa kwenye mashine yangu ya majaribio mara tatu, na duka likafunguka vizuri. Kwenye seva halisi bado upo.