Kuunganisha Vyombo vya Nyumbani na Simu: Swichi ya Mkono Isiondolewe

Mwananchi aliyeko kazini Chake Chake, au aliye safarini Maskati, anaweza leo kuwasha pampu ya maji ya nyumba yake iliyopo Mwanakwerekwe, kuangalia kiwango cha maji katika tangi na kufunga mlango wa mbele, yote hayo kwa simu yake. Kwa kuwa fundi huviweka vifaa hivyo kwa muda mfupi, na mara nyingi mwenye nyumba huwa hajui hasa alichofungiwa, inafaa jambo hili lielezwe.

Utaratibu wenyewe una sehemu tatu. Ya kwanza ni vihisi, yaani vifaa vinavyopima au kuona, kama vile kipimo cha maji ya tangi na kamera. Ya pili ni swichi inayopokea amri bila ya kuguswa. Ya tatu ni njia ya mawasiliano, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu hudhani kuwa simu yake inazungumza na pampu moja kwa moja. Katika vifaa vingi sivyo. Amri hutoka katika simu, ikapita katika intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni zilizopo nchi za nje, kisha ikarudi nyumbani, hata kama mwenye simu amekaa barazani, hatua kumi kutoka kwenye pampu.

Kwa hivyo nyumba hufungamana na mambo matatu ambayo mwenyewe hana mamlaka nayo: umeme, intaneti na kampuni. Kuhusu umeme, wakaazi wa Unguja hawajasahau kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale kebo ya umeme ya chini ya bahari ilipoharibika. Kuhusu intaneti, tarehe 12 Mei, 2024 hitilafu ya kebo za baharini ilidhoofisha mawasiliano ya Tanzania na nchi nyengine za ukanda huu. Kuhusu kampuni, mwezi Mei 2016 kampuni ya Nest ya Marekani ilizima huduma iliyokuwa ikiendesha kifaa cha nyumbani kiitwacho Revolv. Waliokinunua kwa karibu dola 300 walibakiwa na kiboksi kisichofanya kazi yoyote.

Kwa sababu hizo swichi ya mkono ibaki mahali pake. Fundi akishauri ing'olewe ili ukuta upendeze, akataliwe. Mama mzee aliyebaki nyumbani lazima aweze kuwasha pampu bila ya kumpigia simu mwanawe aliyeko Maskati. Kufuli la mlango nalo liwe na ufunguo wa kawaida, na wakati wote liweze kufunguliwa kutoka ndani kwa mkono, kwani moto hausubiri mtandao urejee.

Pampu inataka uangalifu zaidi. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko wa kawaida yake, pengine mara tano hadi saba. Plagi ndogo ya kuendeshwa kwa simu, hata iliyoandikwa ampea 10, huweza kuungua, au vyuma vyake vya ndani vikagandana na pampu isizimike tena. Njia iliyo salama ni plagi hiyo iendeshe kontakta, na kontakta ndiyo iendeshe mota. Kazi hiyo ni ya fundi umeme, si ya kijana wa duka la simu. Boya linalozima pampu tangi linapojaa lifungwe kwa waya, lisitegemee simu hata kidogo.

Lipo pia jambo la umeme kurejea. Uniti zikiisha usiku na zikanunuliwa asubuhi, baadhi ya swichi hizi hujiwasha zenyewe. Ikiwa saa hiyo bomba la mtaa halina maji, pampu itazunguka kavu na kujiharibu. Katika programu ya swichi hutafutwa mpangilio wa hali ya kuanzia baada ya umeme kurejea, nao uwekwe kwenye kuzima.

Wakaazi wa Mji Mkongwe watambue kuwa kuta nene za mawe hudhoofisha mawimbi ya redio. Kifaa kijaribiwe pale pale kitakapofungwa kabla ya ukuta kutobolewa.

Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwezi Oktoba 2016 kamera na vifaa vingi vya majumbani, ambavyo wenyewe waliviacha na maneno hayo ya kiwandani, vilitekwa na kutumiwa kushambulia mitandao mikubwa ya Marekani bila ya wenye nyumba kujua. Na kamera ielekezwe mlangoni kwa mwenyewe. Ua wa jirani una sitara yake, na picha zake hazina ruhusa ya kupelekwa kwenye kompyuta za ng'ambo.

Mtumishi anayehamishwa kituo na kuiacha nyumba yenye vifaa hivi, ya Serikali au ya kukodi, afute akaunti yake katika kila kifaa na kukirejesha katika hali ya kiwandani kabla ya kukabidhi funguo. Asipofanya hivyo, simu yake itaendelea kufungua mlango wa nyumba wanayolala watu wengine.